Tusigawane Sawa

Sentensi inayoua safari nyingi zaidi katika nchi hii si "sina pesa". Ni "basi tugawane sawa". Husemwa kwa upole, tena na mtu mwenye nia njema. Grupu la WhatsApp limeshaundwa, lina jina la mbwembwe na picha ya bahari, watu ni 10. Bei inatajwa, mtu anaigawanya kwa 10, anaandika jibu, na papo hapo watu watatu wananyamaza. Hawatoki kwenye grupu. Wanaendelea kuchekea utani wa wenzao, wanaweka vidole gumba, halafu wiki moja kabla ya safari mmoja anapata kazi ya ghafla, mwingine anashikwa na homa, na wa tatu simu yake haishiki. Wanaobaki husema, "Hao ndio wao, hawanaga siriasi."

Siriasi wanayo. Kisichokuwa na siriasi ni ile hesabu.

Niko katikati ya kupanga safari ya aina hiyo, ndiyo maana hasira yangu bado ni ya moto. Tunataka siku nne kwenye jahazi huko Lamu, tukila humo na kulala humo: nyanya yangu, mama, shangazi, binamu na marafiki wachache. Wazo lilianza na picha za Kerala, kusini mwa India, za yale maboti makubwa yanayoitwa kettuvallam. Zamani yalibeba mpunga na viungo. Siku hizi yamewekwa vitanda na vyoo, yanabeba watalii. Mbao zake hushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, kama ulivyoshonwa mtepe wa mababu wa Lamu. Tulipoona nauli ya kwenda India, tukakumbuka kwamba bahari iko hapa nyumbani na majahazi yapo. Sawa kabisa. Lakini kubadilisha bahari hakukubadilisha ile sentensi. Ilikuja nasi mpaka Lamu.

Hebu tuifanye hesabu polepole. Tuseme jahazi, mabaharia na chakula vyote pamoja ni shilingi 120,000. Watu ni 10. Wawili wanapata 180,000 kwa mwezi, watatu wanapata 90,000, watatu wanapata 30,000, na wawili hawana kipato, yaani nyanya na binamu aliye shuleni. Mkigawana sawa, kila mtu ni 12,000. Kwa mwenye 180,000 hizo ni siku mbili za kazi. Kwa mwenye 30,000 ni siku 12. Kwa nyanya ni kitu ambacho hakipo. Sasa niambie, hapo kilicho sawa ni nini? Namba ni sawa. Jasho si sawa.

Jaribu njia nyingine. Kila anayepata kitu atoe mapato yake ya siku tano. Mwenye 180,000 atatoa 30,000. Mwenye 90,000 atatoa 15,000. Mwenye 30,000 atatoa 5,000. Jumlisha: 60,000, na 45,000, na 15,000. Ni 120,000 ileile, haijapungua hata shilingi. Nyanya yumo, mtoto wa shule yumo, na kila aliyelipa amelipa siku tano za maisha yake. Huko ndiko kugawana sawa, kama ni lazima tulitumie hilo neno.

Najua kelele zinazokuja. Ya kwanza: "Mimi nimehangaika kuufikia huu mshahara, mbona nilipe mara sita ya mwenzangu?" Ndugu yangu, hulipii mtu. Umelipa siku tano, na yeye amelipa siku tano. Kama unaona umepunjwa, likodi jahazi peke yako. Nahodha ni yuleyule, tanga ni lilelile, na bili karibu yote itakuwa yako. Unachonunua kwa 30,000 ni kule kukaa siku nne na watu unaodai unawapenda. Kama hawana thamani hiyo kwako, ni vizuri tujue kabla nanga haijang'olewa.

Ya pili: "Watu watadanganya mapato yao." Wengine watadanganya, ndiyo. Hatuombi hati za mshahara. Mtu mmoja mwaminifu anashika hazina, kila mmoja anamtumia kwa M-Pesa kile anachosema ni siku tano zake, na orodha ya kiasi haipandishwi kwenye grupu. Anayetaka kumdanganya nyanya yake mwenyewe kwa ajili ya 10,000, mwacheni alale nayo kwenye jahazi usiku kucha akitazama nyota.

Ya tatu ndiyo ngumu, na haitoki kwa wenye pesa. Inatoka kwa watu kama mimi: "Sitaki kubebwa." Mimi ni wa 30,000, mwezi ukiwa mzuri. Makala hulipwa yakishachapishwa, wakati mwingine miezi miwili baadaye. Kwa hivyo ndiyo, hapa natetea mfuko wangu; sijaona anayetetea mfuko wa jirani. Lakini kubebwa ni kitu kingine. Kubebwa ni pale rafiki anapokwambia "wewe kuja tu, nitakusort", halafu jioni ya pili, mbele ya watu, anakutuma ukalete maji kwa sauti ya mwenye mali. Kiwango kikiwekwa mapema kwa wote, hakuna mfadhili na hakuna mfadhiliwa. Kuna watu 10 waliolipa kwa kipimo kimoja.

Na tusijifanye hatujawahi kuona mambo haya. Mtu akifariki, grupu linaundwa usiku huohuo. Hakuna anayechukua bili ya mochari na jeneza akaigawanya kwa idadi ya ndugu. Yule wa ofisini anatoa 20,000, wa boda anatoa 500, mama mboga anatoa 200 na sukari kilo mbili, na mweka hazina anawashukuru wote kwa maneno yaleyale. Tunaita harambee, tunajivunia, tunasema ndivyo tulivyolelewa. Basi mbona tunajua kuchangiana kwa uwezo mtu akiwa kwenye jeneza tu? Akiwa hai, akitaka kuona bahari na wenzake siku nne, tunamletea bili iliyokatwa kwa rula. Nyanya akifa kesho, hili grupu litachanga mara tatu ya pesa za jahazi ndani ya wiki moja. Leo yuko hai na tunajadili kama 12,000 zake zitatoka wapi.

Jahazi lenyewe linaifanya hii hesabu kuwa mbaya zaidi kuliko hoteli. Hotelini asiye na pesa ana ujanja wake: atachukua chumba cha nyuma, atakula chipsi nje, ataondoka siku ya pili. Kwenye jahazi sufuria ni moja na pa kulala ni pamoja. Hakuna jahazi la bei nafuu ndani ya jahazi. Uko ndani au uko nchi kavu.

Na bahari haijawahi kugawanya mzigo kwa usawa wa rula. Upepo ukikaza, mabaharia wa Lamu hutokeza ubao nje, upande wa upepo, na vijana wenye nguvu wakaukalia ili uzito wao ulirudishe jahazi wima. Mizito hukaa chini, watoto katikati. Hakuna nahodha atakayemwambia nyanya apande ubao eti kila mtu kapanda. Hata wavuvi wa pwani, wakirudi na samaki, hutoa kwanza gharama, kisha mafungu: la chombo, la nyavu, la nahodha, la mabaharia. Sisemi mafungu hayo yamekuwa haki siku zote. Mwenye chombo hajawahi kujisahau. Nasema kwamba watu wanaoijua bahari hupima kila mmoja amebeba nini kabla ya kugawanya.

Kuna ubaya mwingine wa ile sentensi ambao hatuuoni kwa sababu unamwangukia mtu asiye kwenye grupu. Wale watatu wakishaingia mitini, pesa zinapungua. Zinajazwa vipi? Anapigiwa nahodha. "Kapteni, sisi si watalii, tufanyie bei ya mwananchi." Anayesema hivyo hubishana na mtu ambaye miezi ya kusi, hasa katikati ya mwaka bahari inapochafuka, siku nyingi hukaa bila wateja. Mtu huyo hununua makaa, barafu, maji ya kunywa, na mafuta ya injini ya siku upepo ukilala. Chombo lazima kitiwe kalafati, tanga lishonwe, mabaharia wale. Ukimkamua, hatapunguza uzuri wa machweo. Atapunguza baharia mmoja, au jaketi za kuokoa maisha zitakuwa 6 kwa watu 10. Tumewanyima wenzetu punguzo ndani ya familia, tukaenda kulidai kwa mtu mwenye watoto wake Matondoni.

Halafu jikoni. Bajeti ikibana, utasikia: "Mpishi wa nini, si akina mama wapo?" Mabaharia wa Lamu wanajua kupika samaki na wali wa nazi juu ya jiko la makaa chombo kikienda, ni sehemu ya kazi yao na walipwe kwayo. Ukilifuta fungu hilo, shangazi yangu atalipa 12,000 kwenda kupikia baharini wanaume waliolipa 12,000 kwenda kupumzika. Kwenye daftari wako sawa. Kwenye jahazi mmoja amekwenda likizo na mwingine amehamisha jikoni.

Ndiyo maana nasema hesabu ianze na mnyonge wa chombo, si pesa peke yake. Muulize nyanya kabla hujachagua tarehe. Grupu letu lilitaka Agosti kwa sababu ndipo wenye ofisi wanapata likizo na shule zimefungwa. Agosti ni kusi. Kijana ataita mawimbi hayo starehe; mwanamke wa miaka 74 ataita kitu kingine. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari huwa na adabu zaidi. Muulize yeye kabla ya njia pia. Ukipitia Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara, mikoko inakukinga, unafika Pate na Siyu bila kupambana na bahari kuu. Lakini Mkanda unataka maji yajae. Yakitoka, chombo kinakaa juu ya matope mpaka yarudi. Hata magofu ya Takwa, pale Manda, mlango wake wa mikoko hufikiwa maji yakiwa yamejaa. Kwa hivyo nahodha apewe tarehe mapema, aangalie mwezi na bamvua, na neno lake liwe la mwisho. Maji hayajui Jumatatu una mkutano.

Na choo. Kwenye grupu letu ziliandikwa jumbe nyingi kuhusu spika ya muziki na hakuna hata moja kuhusu choo, mpaka mama alipouliza. Majahazi mengi madogo hayana. Wanaume hawaulizi kwa sababu kwao bahari yote ni choo. Mwanamke atajizuia kunywa maji siku nzima juani, na atasema kichwa kinamuuma kwa sababu ya upepo. Kama pesa hazitoshi kwa chombo chenye choo, mpango ubadilike: mchana majini, usiku nchi kavu, kwenye nyumba yenye mlango unaofungwa. Si aibu. Aibu ni kumpeleka mama yako mahali ambapo mwili wake haukufikiriwa.

Sasa kwa wale wanaopanga mwaka huu. Msitaje bei kwanza. Tajeni watu kwanza, kila mmoja kwa jina, na mwulize kila mmoja faraghani anaweza siku ngapi za mapato yake. Jumlisheni. Ikitoka ndogo kuliko jahazi, punguzeni siku, msipunguze watu. Siku mbili na nyanya zinashinda siku nne na kiti chake kitupu. Anzeni kuchanga miezi mitano mapema, kidogo kidogo, maana sisi wenye mapato ya msimu hatuna kitita siku moja. Nahodha alipwe bei yake. Mpishi alipwe. Anayepanga naye ahesabiwe, kwa sababu kupiga simu 40 na kubembeleza watu 10 ni kazi, na siku zake tano zipunguzwe ziwe tatu.

Mkikaa chini mkaona hayo yote ni mzigo, kwamba 12,000 kwa kila kichwa ni rahisi zaidi na asiyeweza abaki, ni haki yenu. Pesa ni zenu. Ombi langu ni moja tu: msiite safari ya familia na marafiki. Iiteni safari ya wenye mishahara, mwende salama, na mkirudi msitutumie picha.