Aliyewarudisha Choroa Jangwani

Mtoto akimwambia mzazi kwamba anataka kusomea wanyama wa jangwani, jibu huwa ni moja: "Sasa utakula nini?" Leo, msomaji mpenzi, nakuletea habari za mtu aliyekula kwa kazi hiyo, tena akaianzia papa hapa Kenya.

Mark Stanley Price ni Mwingereza. Alichunguza malisho ya kongoni nchini mwetu, kisha akafanya kazi Galana, mpakani mwa Tsavo Mashariki, ambako palikuwa na jaribio la kufuga choroa kama ng'ombe. Haikuwa kazi ya fahari. Ilikuwa ni kupima chakula alichokula mnyama, maji aliyokunywa, na hata mavi yake.

Mwaka wa 1979 akaenda Oman. Huko choroa mweupe wa Arabuni alikuwa amemalizwa na wawindaji wenye magari na bunduki. Wa mwisho porini waliuawa 1972. Lakini mbegu ilikuwa imewekwa akiba. Mnamo 1962 Meja Ian Grimwood, bwana nyama mkuu wa Kenya wakati huo, aliongoza msafara uliowanasa wanne. Mmoja alikufa. Watatu walipelekwa Phoenix, Marekani, wakaunganishwa na wengine kutoka London, Kuwait na Saudi Arabia, jumla tisa. Hao ndio waliozaana.

Wazao wao walipofika Yalooni, katika uwanda wa Jiddat al-Harasis, hawakufunguliwa mara moja. Mnyama aliyezaliwa bustanini hajui jangwa. Wakakaa uani hadi wakazoeana wakawa kundi moja, kila mmoja akijua mkubwa wake. Tarehe 31 Januari 1982 lango likafunguliwa, wakatoka kumi.

Waliowafuata na kuwalinda ni Waharasis, wafugaji wa mbuzi na ngamia wa uwanda huo. Na hapa ndipo namsifu mtaalamu huyu: pamoja na shahada zake, aliwategemea watu wanaosoma nyayo mchangani. Walishuhudia choroa wakikaa muda mrefu bila kisima, wakipata maji kwa majani yaliyoloweshwa na ukungu wa usiku utokao baharini.

Stanley Price aliondoka Oman 1987, na baadaye akarudi Nairobi kufanya kazi na shirika la African Wildlife Foundation. Choroa wakaongezeka hadi wakapita 400. Kisha, kuanzia 1996, wakaja majangili waliowanasa wakiwa hai ili wauzwe kwa matajiri. Miaka michache tu, kundi likaporomoka. Waliosalia wengine ikabidi warudishwe uani. Mwaka wa 2007 hifadhi hiyo ikawa ya kwanza duniani kufutwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, baada ya serikali kuipunguza kwa asilimia 90.

Hata hivyo, nchi jirani nazo zilikuwa zimeanza kuwarudisha porini. Kufikia 2011 choroa hao walikadiriwa kuwa 1,000 hivi, na wataalamu wakawashusha daraja moja katika orodha ya wanyama walio hatarini.