Mabinti wa Thika walitoa mkono, sisi twahofu nini?

Majuzi nilikuwa katika matatu kutoka Ruiru kwenda Thika. Mbele yangu waliketi akina mama wawili wakizungumzia barua iliyotoka shuleni. Wahudumu wa afya wangefika kuwachanja wasichana dhidi ya virusi vya HPV, ambavyo ndivyo chanzo cha saratani ya mlango wa kizazi.

"Wangu ana miaka 10 tu, hajui wanaume," akasema mmoja. "Chanjo hiyo ni ya nini? Si ni kumfungua macho?"

Mwenzake akamjibu: "Dada, mimi nilisikia inafunga kizazi. Wacha wa kwangu akae."

Siwalaumu. Wakenya hawajasahau mzozo wa mwaka 2014, maaskofu wa Kanisa Katoliki walipodai kuwa chanjo ya pepopunda ilikuwa imetiwa kitu cha kuzuia mimba, nayo serikali ikakana. Lawama kubwa nawatupia wataalamu wa afya, pamoja na sisi tunaoandika magazetini. Tunamwambia mzazi "chanja mtoto", lakini hatumwelezi kile kinachozuiwa mle mwilini. Uvumi unaijaza nafasi hiyo.

Basi na tueleze. Ndani ya seli zetu mna protini iliyogunduliwa mwaka 1979 na ambayo wanasayansi huiita p53. Kazi yake ni ulinzi. Seli ikitaka kugawanyika huku urithi wake umeharibika, p53 huizuia hadi irekebishwe, au huiamuru ife. Katika saratani nyingi mlinzi huyu huwa ameharibika tangu kuumbwa kwake ndani ya seli hiyo. Saratani ya mlango wa kizazi ina ajabu yake: mara nyingi mlinzi anaumbwa akiwa mzima kabisa, lakini ukimtafuta kazini humwoni.

Huwa ameenda wapi? Jibu lilipatikana mwaka 1990, pale Martin Scheffner, Peter Howley na wenzao walipoonyesha huko Marekani kwamba HPV ya aina ya 16 na ya 18 hutengeneza protini iitwayo E6, na kwamba E6 ikiwapo, p53 huangamizwa. Mwaka 1993 wakaeleza mbinu yenyewe. E6 hukamata kimeng'enya cha seli hiyo hiyo, na kwa pamoja wanambandika mlinzi protini ndogo iitwayo ubikuitini.

Wakazi wa Ruiru na Githurai hawahitaji maabara ili kulielewa jambo hili. Wanaikumbuka ile alama ya X nyekundu iliyopakwa kwenye majengo kabla ya barabara ya Thika kupanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012. Nyumba iliyopakwa X ilikuwa bado imesimama, milango na madirisha yapo, lakini mwenyewe alijua tingatinga laja. Ubikuitini ndiyo X ya seli. Siku zote seli huitumia kuondoa protini zilizochakaa, na waliogundua utaratibu huo, Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2004. Tingatinga lenyewe huitwa proteasomu. Virusi vya HPV havina rangi wala tingatinga. Vinaazima vya mwenyeji, kisha vinaenda kupaka X kwenye kituo cha polisi!

Na hapo ndipo lilipo jibu la yule mama wa kwanza. Wanawake wengi wakiambukizwa HPV, mwili huvifukuza virusi wenyewe. Vikikaa, E6 huendelea kumwondoa mlinzi kimyakimya kwa miaka, pengine 10 au 20, kabla ya uvimbe kuonekana. Chanjo haiwezi kuifuata E6 ndani ya seli ambayo imekwisha kuvamiwa, na hadi sasa hakuna dawa ya kuizima E6 inayotumika hospitalini. Ni lazima chanjo itangulie. Kwamba mtoto hajui wanaume ndiyo sababu hasa ya kumchanja sasa.

Kuhusu kizazi, chanjo hiyo haina virusi. Ina protini ya ganda la nje tu, inayotengenezwa kwa hamira au kwa seli za wadudu, mfano wa ganda la yai lisilo na kiini. Urithi wa virusi haumo, wala E6 haimo. Kinachomnyima mwanamke uzazi ni saratani yenyewe, kwa sababu matibabu yake mara nyingi ni kuondolewa mji wa mimba au kupigwa miale. Kwa makadirio ya mwaka 2020, zaidi ya wanawake 5,200 nchini Kenya walipatikana na ugonjwa huu, na zaidi ya 3,200 wakafariki. Hao ni karibu 9 kila siku.

Kinachoniudhi zaidi ni kuwa tunaiogopa chanjo hii hapa hapa ilipofanyiwa kazi kubwa. Kuanzia Desemba 2018, watafiti wa KEMRI, miongoni mwao Dkt. Nelly Mugo na Dkt. Elizabeth Bukusi, pamoja na mwenzao Ruanne Barnabas, waliandikisha wasichana na wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20 katika miji mitatu: Kisumu, Nairobi na Thika. Swali lilikuwa moja: je, sindano moja yatosha? Baada ya miezi 18, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa sindano moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina ya 16 na ya 18 kwa asilimia 97.5. Aina hizo mbili ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Huko Mwanza, Tanzania, utafiti mwingine wa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 ulionyesha kuwa miili ya wadogo hao nayo huitikia vizuri sindano moja.

Mwaka huo huo wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali ratiba ya sindano moja, na mwaka 2025 Kenya ikaifuata. Hilo si jambo dogo. Chanjo hii ilipozinduliwa nchini Oktoba 2019 kule Mombasa ilikuwa ya sindano mbili, kisha korona ikafunga shule, na wengi waliopata ya kwanza hawakurudi kwa ya pili. Kwa mama anayefanya kibarua cha siku katika mashamba ya kahawa ya Ruiru au viwanda vya Thika, safari ya pili kliniki ni mshahara wa siku uliopotea. Ni mabinti wa mji huu waliomwondolea safari hiyo, na sijaona hata bango moja la kuwashukuru.

Nilijiingiza katika mazungumzo yale, nikaeleza habari ya X na tingatinga kwa kadiri matatu ilivyoniruhusu. Yule wa pili, wa uvumi wa kizazi, alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Na mimi mwenyewe je, nimechelewa?"

Nikamjibu kuwa kwa umri wake kinachohitajika ni kupimwa, si chanjo. Wanaohimizwa zaidi ni wanawake wa miaka 25 hadi 49. Muuguzi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, na mahali penye kasoro hugeuka peupe pale pale, au huchukua ute ukapimwe HPV. Kasoro ikionekana mapema huondolewa kabla haijawa saratani. Akaniuliza kama inauma. Nikasema mimi ni mwanamume, amuulize muuguzi, lakini niliosikia kwao husema haiumi sana. Wakacheka wote wawili, tukashuka stejini Thika.