Baiskeli ya mwanamke na vipimo vya mwanamume

MJADALA kuhusu mwanamke na baiskeli katika pwani ya Kenya umekuwa, kwa miaka mingi, mjadala wa haya na heshima. Wazee wameulizwa, mashehe wameulizwa, waume nao wameulizwa. Aliyesahauliwa ni muuzaji wa baiskeli, ilhali ni dukani kwake ambako safari za wanawake wengi hukatika kabla hazijaanza.

Chukua mfano wa Ziwa la Ng'ombe, wadi iliyo katika eneobunge la Nyali, ambalo hadi uchaguzi wa 2013 lilikuwa sehemu ya Kisauni. Ni mtaa wa watu wa kipato cha chini. Mama anayedamkia soko la Kongowea kununua mboga za kuchuuza, au yule anayekwenda kufua katika majumba ya Nyali, hana mwendo mrefu. Baiskeli ingeumaliza kwa dakika chache na nauli ya matatu ikabaki pale ilipofungwa kwenye pindo la leso.

Mbona basi hapandi? Sehemu ya jibu ni hesabu tupu. Baiskeli nzito nyeusi ambayo Wakenya wameizoea kwa jina la Black Mamba ina magurudumu ya inchi 28 na fremu ya inchi 22 au hata 24. Fremu ya inchi 22 ni sentimita 56. Ongeza takriban sentimita 30 kutoka ardhini hadi kwenye ekseli ya pedali, na bomba la juu litafika karibu sentimita 85. Mwanamke wa Kenya, kwa wastani, ana urefu wa sentimita 159 hivi, na mguu wake kutoka wayo hadi msamba hauzidi sana sentimita 73. Akilazimika kusimama ghafla kukwepa tuktuk, miguu yake haifiki chini, na chombo chenyewe kina uzito wa kilo 20 au zaidi. Hapo hata fatwa ya kumruhusu haitamsaidia.

Atajibiwa kwamba ipo baiskeli ya kike. Ni kweli, na bomba lake lililoinamishwa linalifaa buibui na dera, hasa mnyororo ukiwa umefunikwa. Lakini za mitumba kutoka Uholanzi, kwa mfano, zilitengenezewa wanawake walio miongoni mwa warefu zaidi duniani. Bomba halimsumbui tena mnunuzi; sasa ni usukani ulio mbali na mikono yake, na baada ya wiki moja mgongo unalalamika.

Tatizo hili si la Mombasa pekee. Nchini Marekani, mhandisi Georgena Terry alianzisha mwaka 1985 kampuni ya baiskeli za wanawake, akifupisha fremu na kuweka gurudumu dogo mbele. Naye alianza kwa kusikiliza malalamiko ya wanawake kuhusu shingo na mabega.

Kusikiliza ndiko kunakokosekana. Mwanamke akiuliza kuhusu fremu, hujibiwa kuhusu rangi. Akifuatana na kaka yake, maelezo yote humwendea kaka, ingawa pesa zimo mkobani mwa dada. Wauzaji wachache huona kosa hapo. Hata hivyo, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa, na ni vigumu kutaja habari muhimu zaidi ya kipimo.

Kinachopotea si kidogo. Katika jimbo la Bihar, India, serikali ilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana waliojiunga na darasa la tisa fedha za kununulia baiskeli. Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walikadiria kwamba uandikishaji wa wasichana katika shule za sekondari uliongezeka kwa asilimia 32.

Dukani, marekebisho yenyewe ni mepesi. Mnunuzi aruhusiwe kusimama juu ya baiskeli, nyayo zote mbili chini. Kiti kiwekwe ili kisigino kikiwa kwenye pedali ya chini kabisa, mguu unyooke. Kiti chembamba kibadilishwe kwa kipana, usukani uinuliwe. Na zile baiskeli za magurudumu ya inchi 24, zinazopangwa pembeni kama za watoto wa shule, huwatosha wanawake wengi wafupi, iwapo muuzaji atafikiria kuwaonyesha.