Rodi ya bass haitamtoa mbuta wa Turkana

KUNA ugonjwa umeingia Lokichar na dawa yake haiko kwa duka la dawa. Vijana wanakaa kivulini mchana kutwa wakitazama video za Wamarekani wakivua bass, halafu wanaagiza rodi na rili kama zile zile mtandaoni, wakipanga kwenda kuzirusha Ziwa Turkana. Pesa zenyewe ni za kibarua cha miezi miwili. Wengine, mbaya zaidi, ni mkopo wa simu. Msimamo wangu ni kwamba vifaa hivyo si vibaya, ila havikutengenezewa ziwa letu, na kijana wa huku hana doo za kununua kitu mara mbili.

Kwa msee ambaye ndio mara ya kwanza anasikia: rodi ni ile fimbo ya kuvulia yenye pete za kupitisha mshipi, na rili ni kile kigurudumu cha kuuzungushia. Bass ni samaki wa Amerika Kaskazini. Kenya yuko pia, aliletwa Ziwa Naivasha mwaka wa 1929 na bado anavuliwa huko. Ana mdomo mpana, anapenda kujificha kwenye majani ya majini, na akifika kilo mbili mvuvi anampiga picha na kumtuma kwa kila mtu. Kumvua ni kazi ya shabaha. Unakaa kwa mtumbwi, unatupa chambo bandia mita 15 au 20 hadi ukingoni mwa majani, unavuta taratibu. Ndiyo maana rodi zake ni fupi, futi sita na nusu hadi saba, nyepesi mkononi, na rili yake ni ndogo. Ukiishi Karagita au Kamere kule Naivasha, nunua hizo na ulale usingizi.

Sisi tuna mbuta, au sangara kama Watanzania wanavyomwita. Ziwa Victoria alipelekwa na watu miaka ya 1950 na 1960, lakini Turkana ni kwao tangu zamani. Rekodi ya dunia ya mbuta aliyevuliwa kwa rodi ni kilo 104, Ziwa Nasser kule Misri, mwaka wa 2000. Najua hapa wengi utakaowashika ni wa kilo mbili au tatu. Shida ni kwamba wewe huchagui nani atauma. Akija wa kilo 25, rodi ya bass itapinda mpaka kwenye mpini, breki ya rili itapiga kelele kidogo kisha inyamaze, na mshipi utaisha wote. Jirani yangu mmoja alirudi kutoka Eliye na rodi ya vipande vitatu. Aliondoka nayo ikiwa ya vipande viwili.

Halafu kuna upepo. Huu wa kwetu hauhitaji shahidi, maana ng'ambo ya pili, upande wa Loiyangalani, walisimamisha mitambo 365 ya kufua umeme wa upepo, megawati 310. Unavuma kutoka kusini mashariki, mkali usiku na asubuhi, ukipungua jua likipanda. Sasa piga hesabu. Eliye na Kalokol ziko ufuo wa magharibi, kwa hivyo ukisimama asubuhi na rodi yako, unarusha chambo kwenye uso wa upepo.

Hapo ndipo rili zinapotofautiana. Ile inayopendwa sana kwenye video za bass inakaa juu ya rodi, na ngoma yake huzunguka yenyewe chambo kinaporuka. Upepo ukikipunguzia chambo mwendo, ngoma haijui. Inaendelea kumwaga mshipi, na kwa sekunde moja umeshika rundo la nyuzi lililosokotana, ambalo utalikata kwa kisu. Aina ya pili inaning'inia chini ya rodi na ngoma yake haizunguki wakati wa kurusha, mshipi unachomoka tu. Haina sifa sana. Haitakuaibisha mbele ya upepo. Kwa anayeanza, tena ufuoni kwetu, sioni sababu ya kununua ya kwanza, hata kama muuzaji anakuapia kwamba ndiyo ya mapro.

Hebu tusome namba, kwa sababu ndizo watu wanarukia macho. Juu kidogo ya mpini wa rodi kumeandikwa urefu, nguvu, uzito wa mshipi kwa ratili, na uzito wa chambo kwa gramu. Nguvu huandikwa kwa herufi: M ni ya kati, MH ni ya kati kuelekea nzito, H ni nzito. Rodi nyingi za bass ni M au MH za kubeba chambo cha gramu 7 hadi 20. Ya kumvua mbuta kutoka ufuoni nataka H, au MH iliyoshiba kweli, ya futi nane hadi tisa, inayobeba chambo cha gramu 30 hadi 80. Urefu unakurushia mbali, na chambo kizito kinapasua upepo. Ukivulia ndani ya boti, futi saba zinatosha, bora iwe nzito. Rodi isiyo na maandishi hayo mimi siigusi, hata ikiwa na picha ya papa.

Kuna jambo la usafiri pia, ambalo Mmarekani mwenye gari lake la kubeba mizigo hawezi kukwambia. Lokichar hatuna ziwa. Unapanda Probox hadi Lodwar, unabadilisha gari hadi Kalokol au unatafuta bodaboda ya Eliye. Rodi ya kipande kimoja itaingia wapi, kati ya mbuzi na gunia la mkaa? Chukua ya vipande viwili hadi vinne, na uitie ndani ya bomba la plastiki la maji, lile la fundi wa mabomba. Zile zinazochomolewa kama antena ya redio ya babu zinajificha vizuri kwa begi, lakini kila ungo ni mahali pa kuvunjikia, na mchanga ukiingia hazifungi tena. Faibaglasi, ingawa ni nzito kuliko kaboni, huvumilia kugongwa. Kaboni ikigongwa kwa mlango wa gari leo, itakatika wiki ijayo samaki akiwa anavuta, na utamlaumu samaki.

Kwa rili, namba kubwa kwa kawaida ni umbo kubwa. Za bass ni 2500 au 3000. Kwa mbuta anzia 5000 au 6000. Utaona wameandika pia 5.2:1, yaani ukizungusha mkono mara moja, mshipi unazungushwa ngomani mara tano na kitu. Namba hiyo ikipanda unavuta haraka ila kwa nguvu ndogo, kama gia za baiskeli. (Niliacha chuo mwaka wa pili, msiniulize fizikia zaidi ya hapo.) Kwa samaki mzito, tano hivi inatosha. Na usibabaishwe na rili ya bei ya kutupa inayojisifu ina beringi 13. Heri tano zinazozunguka sawasawa.

Breki ndiyo moyo wa rili, na ndiyo watu hawapimi kabisa. Kazi yake ni kumruhusu samaki achukue mshipi kidogo kidogo badala ya kuukata. Itegee robo hadi thuluthi ya nguvu ya mshipi wako. Mshipi wa ratili 40 ni kama kilo 18, kwa hivyo breki ianze kuachia kwenye kilo nne na nusu hadi sita. Utajuaje? Azima ile mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki, funga mshipi kwenye ndoano yake, vuta. Isome inapoanza kuachia. Iachie polepole bila kushtuka-shtuka, kwa sababu breki inayogandaganda ndiyo hukata mshipi. Ukinunua dukani, beba mizani yako. Muuzaji akikataa usipime, rudisha doo mfukoni.

Pia pitisha pamba ndani ya kila pete ya rodi. Ikinasa nyuzi, pete ina ufa, na ufa huo utausaga mshipi mpaka ukatike siku ya samaki mkubwa.

Mshipi wenyewe, chukua ule wa kusokotwa. Ni mwembamba kwa nguvu zake, hivyo rili inabeba mrefu zaidi na upepo hauusukumi sana. Maji ya ziwa yamepanda miaka ya karibuni na kumeza miti ya ufuoni. Mbuta hupenda kujibanza penye vizuizi kama hivyo, na nailoni nyembamba ikishikana na mwiba wa mathenge hairudi. Lakini mwisho wa mshipi, karibu na chambo, funga mita moja au mbili za nailoni nene ya ratili 80. Mbuta hana meno ya kutisha, ila mdomo wake ni kama msasa na vifuniko vya mashavu yake vinakata. Ukilenga tigafishi, yule mwenye meno ya nje kama mbwa aliyekasirika, nailoni haitoshi. Weka waya.

Na chambo kikinasa majini, kikate. Usiingie kukifuata, hata maji yakiwa ya magoti. Ziwa hili lina mamba wengi, na hakuna chambo cha kununuliwa chenye thamani ya mguu.

Nikiambiwa bajeti ni ndogo, nasema hivi: katika kila shilingi kumi, sita ziende kwa rili. Rodi ya wastani yenye rili nzuri inamtoa samaki. Rodi ya bei mbaya yenye rili ya plastiki ni pambo. Ukitoka ziwani usiisuuze rili kwa maji ya ziwa, yana magadi. Najua maji ya kunywa hapa tunanunua kwa jerikeni, lakini kitambaa kilicholowa na tone la mafuta ya cherehani vinatosha, bora uifute usiku huo huo mchanga usije ukakauka ndani.

Kuna watu watauliza, kwani wavuvi wa Kalokol wanatumia rodi? Hawatumii, na hawakosei. Kama unataka samaki wa kuuza, sahau haya yote, tafuta hisa kwenye nyavu na boti, maana rodi moja haiwezi kushindana na wavu. Babu zetu walivua kwa vikapu na kuelea juu ya magogo ya mikoma, bila oda ya mtandaoni. Rodi ni ya kitu kingine, na hicho kitu ndicho kinanifanya nipige kelele.

Wageni wanakuja kuvua mbuta kwa burudani tangu wazazi wetu hawajazaliwa. Wanakuja na rodi zao, wataalamu wao, na sisi tunabeba mabegi. Kijana anayejua kutega breki, kufunga fundo upya boti ikiyumba, na kusema leo upepo huu turushe upande ule, huyo si mbeba begi tena, anaweza kutaja bei. Mafuta yaligunduliwa Ngamia 1 hapa karibu mwaka wa 2012, na tumekaa tukingoja kazi zake hadi wengine wameota mvi. Ziwa lilikuwepo muda wote huo. Lakini huwezi kumwongoza mgeni ukiwa hujawahi kushika kifaa kinachofaa ziwa lako.

Na si sisi wa kwanza kuleta kifaa cha watu wengine hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilijengwa Kalokol kiwanda cha kugandisha samaki kwa pesa za Norway. Kugandisha kunataka umeme mwingi na maji safi mengi, jangwani. Halafu Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa ikitoa samaki wengi, ikakauka muongo huo huo. Norway hawakuwa wajinga. Walikuwa na kifaa kizuri cha mahali pengine.

Kwa hivyo wewe uliye na pesa kwa simu sasa hivi na kidole juu ya kitufe cha kulipa, ngoja hadi Jumamosi. Nenda ofisi ya uvuvi uulize mambo ya leseni, kisha shuka ufuoni useme na kamati ya BMU wakuonyeshe mahali pa kurusha pasipogombanisha na nyavu za watu. Uliza kama kuna mgeni anayeondoka na hataki kubeba rili yake kwa ndege. Wapo. Rili imara iliyotumika, ukiifungua na kuipaka grisi, inaishinda mpya ya bei hiyo hiyo. Beba mizani na pamba.