Mashine Ipo, Mpimaji Yuko Wapi?

Hans Berger alirekodi mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu mwaka 1924 huko Jena, Ujerumani. Karne moja baadaye, sisi tungali tunajadili ununuzi wa mashine na kumsahau anayeiendesha. Huyu hupima kichwa kwa utepe, hubandika elektrodi 21 mahali pake, humtuliza mtoto anayelia, na hutambua wimbi lililoletwa na kope kupepesa lisidhaniwe kuwa la kifafa. Ustadi huo haupatikani katika semina ya siku tatu (pamoja na posho zake). Takriban watu milioni 50 duniani wanaishi na kifafa, wengi wao katika nchi kama zetu. Katika bajeti ijayo nataka kuona fungu la kuwasomesha wapimaji. Na cheo chao kitajwe waziwazi katika muundo wa utumishi, ili wakihitimu wasikimbilie kazi nyingine.