Mimbari na Subira ya Fundi



Mwaka juzi kamati yetu hapa Morogoro iliipaka mimbari ya mninga vanishi nzito juu ya polishi ya zamani, bila kupiga msasa. Mimi katibu ndiye niliyehimiza haraka hiyo, kwa kuwa Ramadhani ilikuwa mlangoni. Masika ya pili hayajaisha, vanishi ikabanduka mithili ya ngozi ya nyoka, na fedha za waumini zikapotea.

Safari hii tulimwita mzee seremala kutoka milimani Uluguru, anayeijua polishi ya kale. Huyeyusha katika spiriti magamba ya shelaki, utomvu wa wadudu wadogo wa India. Hufunga pamba ndani ya kitambaa kikuukuu, akakichovya kidogo, akatia tone la mafuta kisinate, kisha akapaka kwa kuzungusha mkono. Tabaka ni nyembamba mno, na kila moja hungojewa ikauke. Kazi ni ya siku nyingi, lakini mbao hung'aa kama inayotoa nuru kutoka ndani, na ikikwaruzika hutengenezwa palepale. Udhaifu wake ni maji na joto: kikombe cha chai huiachia doa jeupe, wala haifai mlango unaopigwa na mvua.

Mjumbe mmoja aliuliza: spiriti msikitini? Wanazuoni wametofautiana kuhusu unajisi wa spiriti za viwandani. Imamu wetu alielekeza kazi ifanyike nje, mimbari irudi ikiwa imekauka na spiriti imekwisha kupaa. Ndivyo tulivyofanya.

Ufundi wa kung'arisha mbao haukuwa mbali nasi. Katika karne ya 19, sandarusi iliyochimbwa mwambao wetu ilisafirishwa kutoka Zanzibar hadi Salem, Marekani, ikafanywa vanishi. Malighafi tulitoa sisi. Leo hata mkono wa kupaka unazeeka: mzee wetu hana mwanafunzi hata mmoja.

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Nabii Zakaria (a.s.) alikuwa seremala. Basi mzazi mwenye kijana anayengoja ajira asiione kazi hii kuwa duni. Amlete kwetu baada ya swala ya Ijumaa; mzee amekubali kufundisha, na kamati itagharimia nauli.

Wabillahi tawfiq.