Mvi si ushahidi wa uchawi

Katika Kilifi, mzee asahauye jina la mwanawe au azururaye usiku aweza kuitwa mchawi, na wako waliouawa kwa tuhuma hizo. Tabibu angeyatambua hayo kuwa huenda ni dalili za maradhi ya ubongo.

Ndiyo sababu naupokea kwa matumaini utafiti wa afya ya wakongwe uliojaribiwa Nairobi na Kilifi na Chuo Kikuu cha Aga Khan pamoja na kile cha Michigan, Marekani, ambacho kimekuwa kikiwahoji wazee wa kwao kila baada ya miaka miwili tangu 1992. Sensa yetu ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.7 waliotimiza miaka 60. Haikutuambia ni nani awauguzaye.

Lakini matokeo yakifungiwa maktabani yatamfaa nani? Nashauri yasomwe barazani, kwa Kigiriama, kabla kijana hajashika panga.